Besi ya Mwalimu Katembo

Mimi ni msusi. Nina saluni Kisugu, hapa Kampala, viti vitatu na kioo kilichopasuka pembeni, na kazi hii hunipa nafasi ndefu ya kuwasema watu wasiokuwepo. Mwalimu Katembo ninamsema hata akiwepo. Yote niliyo nayo juu yake nimeshamwambia usoni, mengine kwa sauti iliyowatoa majirani nje.

Yeye ni Mnande wa Butembo, Kongo, na ana miaka sitini na tisa. Siku za kazi anatengeneza saa kwenye kibanda kidogo Kabalagala, kati ya duka la simu na wachoma nyama, lenzi imebanwa jichoni na redio imewekwa chini chini. Jumamosi na Jumapili anafundisha kwaya ya Kiswahili kanisani kwetu, juu ya kilima cha Mbuya. Wengi wa kwaya ni Wakongomani, halafu tuko Wakenya wachache tuliozoea kusali kwa Kiswahili. Mimi ni Mbukusu, jina langu Vera Nakhisa. Niliingia miaka kumi na moja iliyopita kwa kupenda nyimbo zao, na nusura nitoke wiki ile ile kwa sababu ya mwalimu.

Nilikuja na daftari jipya na kalamu mbili, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akalichukua daftari mkononi mwangu kwa adabu sana, akalikalia.

"Mama, huku kwetu hatuandikaka," akasema. "Wimbo inaingia kwa sikio, inalala kwa kichwa."

"Mwalimu, mali bila daftari hupotea bila habari," nikamjibu. Mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa.

Hakukasirika. Alisema, "Daftari zangu za nyimbo zilikuwa makumi ine na moja. Ziliungua pamoya na nyumba. Kile kilibakia njo kile kilikuwa hapa." Akajigonga paji la uso kwa kidole. "Mwenye bunduki hawezi kuchoma hapa."

Nilikaa chini na kujifunza kwa sikio.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha ambayo sijaiona kwingine. Anatuweka kwenye pembe nne za ukumbi, kila sauti na pembe yake, na anazunguka. Anakuimbia mstari wako kwa do re mi mpaka umeushika, halafu anakuacha na kwenda pembe nyingine. Huruhusiwi kujifunza mstari wa jirani. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na robo ya wimbo, na wimbo mzima ulikaa kwenye kichwa kimoja tu, cha mwalimu. Tuliona ni jambo la kawaida. Nyimbo zaidi ya mia mbili zilitunzwa hivyo.

Mmoja kati ya hizo tuliuita Wimbo wa Njia. Mwalimu aliutunga akitembea. Vita vilipowafukuza, yeye na mkewe Mbambu walikwenda siku nyingi kwa miguu kuelekea mpaka wa Uganda, na watoto walipogoma kuendelea, Mbambu alianza kuimba na yeye akamfuata chini kwa besi. Mistari ni mitatu tu:

Nenda, mpendwa, njia ikujue jina.
Mto ukupishe, mlima ukuinamie.
Na ukifika utuite, nasi tutaitika.

Baadaye aliongeza sauti ya pili na ya tatu, lakini besi ya wimbo huo hakumfundisha mtu yeyote. Aliiimba mwenyewe, peke yake, huku akituongoza kwa mkono. Mbambu alipofariki, miaka minne iliyopita, aliendelea kuiimba hivyo hivyo, na hakuna mwanamume wa besi aliyethubutu kumsaidia.

Na wimbo huo una kazi yake. Katika kanisa letu familia za wakimbizi huondoka. Wanangoja kuhamishiwa ng'ambo miaka saba, kumi, kumi na mitano, halafu siku moja simu inalia: mmepata safari, Kanada, au Australia, au nchi ya baridi ambayo hawawezi kulitamka jina lake. Jumapili ya mwisho tunawasimamisha mbele ya altare na kuwaimbia Wimbo wa Njia. Asiyeimbiwa anaona kama hajaagwa. Kuna mama mmoja aliyeahirisha kufunga mizigo yake mpaka aimbiwe.

Sasa niungame. Mwaka wangu wa pili nilianza kuandika. Sina kichwa cha Mnande. Nikisuka nywele za watu sita kwa siku na kusikiliza umbea wa sita, nyimbo zinanitoka. Kwa hiyo nikirudi kutoka mazoezini, niliandika mstari wangu wa sauti ya pili kwenye kitabu cha saluni, kile cha miadi ya wateja. Ukikifungua utaona: Ayoo, msuko wa twende kilioni, saa nne, chini yake, so so la so, fa mi. Nilifanya hivyo miaka tisa, nikiamini mimi ndiye mwizi peke yangu.

Lakini kosa langu kubwa si hilo. Miaka miwili kabla Mwalimu hajaugua, kliniki ilimwambia ana presha. Alimeza dawa miezi mitatu, akajisikia vizuri, akaacha. Alinieleza mwenyewe akiwa amesimama mlangoni pa saluni yangu.

"Mi nasikia muzuri. Nikunywe dawa ya nini? Mutu mwenye afya anakunywaka dawa?"

Nilicheka. Nilimwambia yeye ni chuma cha Mbelgiji. Naandika haya ili anayesoma asicheke siku yake ikifika.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, mazoezi ndiyo yameanza. Mwalimu aliinua mkono wa kulia kutupa mwanzo wa Wimbo wa Njia. Mkono ukafika kifuani, ukashuka polepole bila yeye kuushusha. Alifungua mdomo na humo kikatoka kitu ambacho hakikuwa neno la lugha yoyote. Blandine, dada wa sauti ya kwanza, alicheka akidhani ni mzaha. Halafu tuliona mdomo umekwenda upande.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya Ulrich. Ulrich ni wa sauti ya tatu na anaendesha teksi yake mwenyewe, na siku nyingine zote ni mtu wa kuchelewa. Siku hiyo hakusema tumwombee kwanza wala tumpe maji. Alimbeba Mwalimu mgongoni, akamlaza kwenye kiti cha nyuma, na akateremka kilima cha Mbuya huku mkono wake haujaacha honi. Hospitalini daktari alituambia ni kiharusi, na kwamba tumewahi. Angelazwa nyumbani apumzike mpaka asubuhi, alisema, mngekuwa mnazungumza habari nyingine.

Alitoka baada ya wiki mbili. Anatembea akivuta mguu kidogo, mkono wa kulia mzito, na maneno yanakuja kama watu wanaotoka kwenye mlango mwembamba. Yaliyokataa kabisa kuja ni majina. Mtoto wake mkubwa alikuwa "ule." Ulrich alikuwa "motoka." Mimi nilikuwa "weye wa nywele." Nilicheka mbele yake, halafu nikaenda kulia nyuma ya nyumba. Miaka kumi na moja ya kugombana na mtu, na hana jina lako.

Aliyetusaidia kusimama ni yule Ayoo wa miadi ya saa nne. Ni muuguzi, mteja wangu wa siku nyingi, na hana subira na upuuzi. Alikuja nyumbani kwa Mwalimu, akampima presha, akaketi mbele yake.

"Mzee, hii dawa unakula kila siku. Ukisikia mubaya unakula, ukisikia muzuri unakula. Chumvi punguza. Tembea kila siku mpaka jasho inatoka kidogo. Na kwaya?"

Mwalimu akatikisa kichwa. Kwaya hapana.

"Kwaya ndiyo dawa ingine," akasema Ayoo. "Ubongo inataka watu na inataka kazi. Tena si ile kazi unajua toka zamani. Kitu mupya, kitu inakusumbua. Ukikaa hapa peke yako unaangalia ukuta, utapotea kabisa, na mimi nitakasirika."

Dawa alikubali, na matembezi. Alianza na kona ya barabara, akafika Kabalagala, na mwisho akawa anapanda kilima cha Mbuya kwa fimbo, akipumzika kila penye kivuli. Ulrich alitaka kumpeleka kwa gari kila siku. Ayoo akamwambia ampeleke mvua ikinyesha tu. Kitu kipya kilitoka kwa mwenye nyumba wake, mzee wa Kiganda aliyeshinda barazani na ubao wa mweso, bao la Kiganda, bila mtu wa kucheza naye. Alimwita Mwalimu, akamwonyesha jinsi kete zinavyozunguka mashimo. Mwalimu alipigwa kila siku kwa wiki nzima, na wiki iliyofuata pia. Nilimkuta pale amekunja uso, anahesabu kete kwa mkono wa kushoto, amekasirika kama zamani. Nilifurahi sana kuziona hasira hizo.

Lakini kwaya alikataa. Tulijua sababu, ingawa hakuweza kuisema: aliona aibu kusimama mbele ya watu asiowajua majina, kufundisha nyimbo asizokumbuka. Wimbo wa Njia ndio ulimuuma zaidi. Aliujaribu peke yake, mwanawe alituambia, akiwa ameketi kitandani. Akifungua mdomo, hakuna kinachotoka.

Ndipo simu ikalia kwa Blandine. Yeye, mama yake na watoto wawili, Kanada, baada ya wiki tisa. Alikuja saluni kuniambia, na badala ya kufurahi akalia juu ya kiti changu.

"Miaka kumi na ine nimeimbia bengine," akasema. "Miye nani ataniimbia?"

Tulijaribu kuutafuta wimbo bila Mwalimu. Wanaume wa besi walitazamana kama watu waliopotelewa na ng'ombe wa mwingine. Simu ya Ulrich ilikuwa na video moja, lakini shangazi wa watu wanaosafiri alikuwa amesimama karibu, na vigelegele vyake vimefunika sauti zote za chini. Basi nikaamua. Jumapili baada ya misa niliwachukua Blandine na Ulrich, tukaenda nyumbani kwa Mwalimu, na kitabu cha saluni nimekibana kwapani.

Nilipiga magoti. Sisi hatupigi magoti kama Waganda, lakini miaka yote hii Kampala imenifundisha.

"Mwalimu, nilikuibia," nikasema. "Niliandika. Miaka tisa." Nikakifungua kitabu mapajani mwake.

Alitazama kurasa. Kabla hajafanya lolote, Blandine alikohoa. Akaifungua zipu ya jalada la Biblia yake, na nyuma ya Biblia mlikuwa na daftari jembamba, sauti ya kwanza yote, kwa wino wa zambarau. Nikamgeukia Ulrich kushiriki naye mshangao, naye hayupo. Alikuwa ameshatoka nje kwenye gari. Alirudi na daftari lenye alama za viatu, lililoishi miaka sita chini ya zulia la kiti cha dereva.

Mwalimu alitutazama mmoja mmoja. Uso ukamkunjamana, mdomo ukatafuta, ukatafuta, halafu:

"Bezi!" akapiga kelele. "Beye bote! Bezi!"

Wezi, kwa Kiswahili cha kwao. Neno zima, safi, la kwanza kutoka bila kujikwaa tangu augue. Alishtuka yeye mwenyewe. Halafu akaanza kucheka, na sisi tukacheka, mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini, na Mwalimu akamwonyesha kwa fimbo: bezi, bezi, bezi. Sijawahi kushukuru tusi kama nilivyolishukuru lile.

Tulimwimbia hapo hapo sebuleni, sauti tatu, kila mtu na karatasi yake, bila kujificha. Wimbo ulikuwepo, lakini ulikuwa na shimo chini. Tulirudia. Mara ya tatu Mwalimu alifumba macho, na kutoka chini kabisa kikaja kitu kama kunguruma. Hakikuwa na maneno mwanzoni. Halafu kikawa nayo: Nenda, mpendwa, njia ikujue jina. Mtu asiyeweza kuniita Vera alikuwa anaimba mstari mzima. Ayoo alinieleza baadaye kwamba huwa hivyo kwa baadhi ya wagonjwa. Kusema kunakatika na kuimba kunabaki.

Mstari wa pili ulikuja Jumapili ya tatu. Wa tatu ulikataa. Kila tukifika "na ukifika," tulinyamaza tukimngoja, naye alibaki ameinua uso kama mtu anayesikiliza mlango. Wiki zikaisha, mbili zikabaki, moja. Blandine alikuwa ameshagawa masufuria yake. Nilikumbuka tu kwamba besi ile mwishoni ilishuka, chini sana, lakini ilishukia wapi sikujua. Ndivyo alivyotufundisha, usisikilize mstari wa jirani. Na hilo pia nilimlaumu nalo, kimoyomoyo, kwa sababu mgonjwa hagombezwi.

Jumamosi ya mwisho alipanda kilima mwenyewe, akaingia ukumbini wakati wa mazoezi. Kwaya nzima ikasimama. Hakutaka salamu ndefu. Alikaa, akapumua, akasema polepole:

"Ile ya mustari wa tatu haikukuya. Nimetafuta. Basi nimetengeneza ingine."

Akaiimba. Haikushuka. Ilipanda hatua kwa hatua kutoka chini, na kwenye neno "tutaitika" ikatukuta sisi wa sauti ya pili mahali tulipo. Alikuwa ameitunga kwenye matembezi, kipande kwa kipande, kutoka kivuli hadi kivuli, akirudia asiisahau. Mtu wa miaka sitini na tisa, nusu mwaka baada ya kiharusi. Halafu akafanya jambo ambalo sikutegemea kuliona. Alitoa kalamu mfukoni, akanipa.

"Weye wa nywele," akasema. "Andika."

Niliandika. Akawaita wanaume wa besi mbele, akawafundisha wote.

Kesho yake tulimsimamisha Blandine mbele ya altare na mama yake na watoto. Mwalimu hakuweza kuongoza kwa mkono wa kulia, aliongoza kwa wa kushoto, na mara moja alipotea tukamngoja, akarudi. Blandine alijitahidi asiimbe, maana anayeagwa haimbi, lakini mstari wa tatu ulimshinda, akajiunga na sauti ya kwanza akiwa upande wa pili, anatutazama. Jumatano wakaruka. Kwenye begi lake la mkononi kuna daftari la wino wa zambarau, na ukurasa wa mwisho una besi, imeandikwa kwa mkono wa kushoto wa Mwalimu, herufi kubwa zilizolala ovyo.

Sasa anafundisha tena. Sheria mpya ni kwamba kila mtu ana daftari, na kila mtu anajifunza mstari wa jirani, na siku ya kuimba daftari zote zinakaa chini ya viti. Kidonge anameza mbele ya kwaya Jumamosi, kwa maringo, ili tuone. Mwenye nyumba ameanza kushindwa mweso na hana furaha.

Ningeishia hapo, lakini wiki iliyopita, Alhamisi saa tano asubuhi, nilikuwa katikati ya kichwa cha mteja nikasikia fimbo ikija mbio kwenye changarawe. Mwalimu alisimama mlangoni, jasho linamtiririka. Ametoka Kabalagala kwa miguu, lenzi ya saa bado inaning'inia shingoni.

"Imerudi," akasema.

"Nini?"

"Mustari wa tatu. Ile ya zamani. Nilikuwa nafungua saa ya mutu, ikakuya."

Akaiimba pale pale mlangoni. Ilishuka kama nilivyokumbuka, chini, mpaka mahali pa mtu mmoja tu. Nikamuuliza, tufute ile mpya, turudishe hii?

Alitikisa kichwa. "Hii ni ya Mbambu. Iandike, isipotee, lakini hatutaiimba. Ile ingine ni yenu." Akanyoosha mkono wa kulia, ule mzito, kuelekea kitabu cha miadi juu ya meza. "Andika, Vera."

Mikono yangu ilikuwa imejaa nywele za mtu.

"Nani?" nikauliza.

"Vera Nakhisa," akasema, kama mtu anayesoma jina lililokuwa pale siku zote. "Andika, mama, mbele ya kusahau."

"Naam, Mwalimu," nikaitika. Kisha nikaachia nywele za mteja, nikafuta macho kwa kanga, na nikatafuta kalamu.